Bi. Rhobi na Sekunde Tisa za Kuisubiri Chipu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Rhobi Kisyeri atarudisha funguo za chumba namba nne cha Karakana ya Tahadhari za Mashamba, hapa Turwa, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwa hesabu ya ofisi ni miaka thelathini tu, kwa sababu faili lake la mwaka wa kwanza lilipotea, na lilipokuja kupatikana lilikuwa limewekwa chini ya mguu mfupi wa meza ya mapokezi.

Alianza kama fundi wa redio za mawasiliano na mizani ya minada ya ng'ombe. Mizani aliyoitengeneza yeye ilijulikana upesi: wauzaji walilalamika inapunja, wanunuzi walilalamika inazidisha, na yeye akaandika kwenye daftari kwamba inapima sawasawa.

Mwaka 2014 karakana ilianza kutengeneza masanduku ya tahadhari. Sanduku letu hufungwa kwenye nguzo pembezoni mwa mashamba, katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi. Ndani mna kompyuta ndogo, na kando yake chipu inayopangwa upya, ambayo kazi yake ni kusikiliza mtetemo wa ardhi, kumtofautisha tembo na ng'ombe wa jirani, kisha kupiga king'ora. Chipu hiyo ina akili nyingi ila haina kumbukumbu. Umeme wa jua ukikatika kidogo inasahau yote iliyofundishwa, sawa na vikao vyetu vya Jumatatu. Kwa hiyo kila inapowaka lazima ifundishwe upya, biti, yaani chembe ya habari, moja baada ya nyingine, kupitia nyaya nne nyembamba. Programu inayoifundisha inakaa ndani ya kerneli, yaani kiini chenyewe cha mfumo wa kompyuta, na inaitwa kiendeshaji. Aliyekiandika ni Bi. Rhobi, kwa miezi kumi na minne, kwenye kompyuta iliyokosa herufi R.

Wageni waliotaka kujua kinavyofanya kazi aliwaeleza kwa salamu. Kiendeshaji kinashusha umeme wa pini moja, yaani mguu mwembamba wa chipu: hiyo ni shikamoo. Kinasubiri. Chipu ikipandisha pini yake, imeitikia marahaba na sasa iko tayari kusikiliza. Biti zinapelekwa bila haraka, maana nyaya zikikimbizwa zinafikisha mambo mengine kabisa. Mwisho kinasubiri tena, mpaka chipu yenyewe ipandishe pini ya pili kusema imepokea yote, ndipo taa ya kijani inawaka. Shughuli nzima huchukua sekunde tisa. Ukimwuliza Bi. Rhobi kama sanduku liko tayari kabla ya hapo, anakujibu, "Lenyewe halijasema." Jibu hilo limewaudhi wakurugenzi watatu kwa nyakati tofauti.

Sasa nieleze uzinduzi wa Mei 2022, maana ofisi imeomba nisiueleze. Palikuwa na masanduku arobaini, mgeni rasmi, kwaya mbili na hotuba saba. Ratiba ilipata nafasi ya kila kitu isipokuwa sekunde tisa. Mkurugenzi wetu, Ndugu Godwin, aliona ni aibu mgeni abonyeze kitufe halafu asimame akilitazama sanduku. Ikatafutwa njia, nayo ilikuwepo. Ndani ya kiendeshaji Bi. Rhobi alikuwa amesahau swichi ya majaribio ya mezani kwake, inayopeleka biti kwa kasi mara nne na kuwasha kijani bila kuiuliza chipu. Yeye alikuwa kwao Itiryo kwenye msiba. Mhandisi aliyeagizwa kuiwasha swichi alitii ndani ya dakika mbili. Mhandisi huyo ni mimi, Emanuel, ninayeandika wasifu huu.

Masanduku yote arobaini yaliwaka kijani kwa mpigo na watu wakapiga makofi. Katika kumi na saba kati yake, chipu zilikuwa tupu.

Wiki hiyohiyo tembo walimaliza ekari tatu za mtama wa Esta, mjane mwenye watoto wanne. Alikuja hapa Turwa, akawasalimia wote vizuri mmoja mmoja, kisha akasema, "Taa yenu ilikuwa inawaka kijani. Mimi nikawaambia watoto tulale, hawa watu wa Turwa wanatulinda. Sasa mniambie, nani aliiwasha?" Akaambiwa ajaze fomu.

Kamati ya uchunguzi iliketi wiki mbili na kubaini kwamba tembo hawakushirikishwa ipasavyo katika hatua za awali. Bi. Rhobi aliisoma ripoti, akaomba gari, gari likakosekana, tukaenda kijijini kwa Esta kwa pikipiki. Mbele ya mkutano wa kijiji alisema swichi ni yake, aliiacha kwa uzembe, na kosa ni lake. Hakunitaja. Mimi nilikaa nikitazama viatu vyangu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Msimu uliofuata alikwenda Jumamosi tano kumsaidia Esta kupalilia. Ofisi nayo haikukaa kimya: ilimpa barua ya onyo kwa kukiri kosa bila kibali.

Kisha akaifuta swichi. Tangu siku hiyo hakuna sanduku letu lililowaka kijani likiwa tupu, na king'ora kimepigwa mara mia mbili na zaidi. Tuzo ya Mfanyakazi Bora hakuipata hata mara moja. Mwaka jana ilikwenda kwa mwenzetu aliyechagua rangi ya mapazia ya ukumbi, na kusema kweli ni mapazia mazuri. Kama zawadi ya kuagana, karakana imemwandalia saa ya ukutani yenye picha ya mkurugenzi.

Jumamosi ijayo kuna uzinduzi mwingine, safari hii masanduku mia moja na ishirini. Ndugu Godwin alimwomba Bi. Rhobi airudishe swichi kabla hajaondoka. Akakataa. Fomu yake ya makabidhiano ikakaa mezani kwa mkurugenzi wiki tatu bila saini, na bila saini hiyo mtu hahesabiwi amestaafu. Juzi agizo likahamia kwangu. Nikajibu, "Sawa, mkuu," na fomu ikasainiwa palepale.

Jana nilipakia kiendeshaji kwenye masanduku yote. Nimekipakia kama Bi. Rhobi alivyokiacha, swichi haimo. Mgeni rasmi atabonyeza kitufe, atasimama juani na kusubiri kama mtu mwingine yeyote. Ndugu Godwin atalijua hilo Jumamosi hiyohiyo, si kabla, kwa kuwa katika jarida hili la karakana husoma ukurasa wenye picha yake tu, na wasifu huu umewekwa ukurasa wa sita.

Bi. Rhobi, wenzako wote tunakushukuru kwa uvumilivu wako kwa chipu, na zaidi kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha huko Itiryo, na simu isiyoita kutoka ofisini. Pumzika bila wasiwasi. Jumamosi wakiuliza nani amechelewesha sherehe, nitasimama niseme ni mimi.