Mwalimu Nereida na Video ya Shukrani

Marehemu Nereida Quiñones Cortés alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Salahonda, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Eladio Quiñones na Bi Ermila Cortés. Alisomea ualimu hapa Tumaco, akahitimu mwaka 1981, na akafundisha hisabati hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 9 Desemba 1984 alifunga ndoa na seremala Florentino Angulo, wakajaliwa Yuliana na Wilmar.

Mwaka 2009 alianzisha darasa la jioni katika chumba cha manispaa. Baada ya masomo, vijana wa mtaa walijifunza kompyuta, kuhariri video na kutengeneza vipindi vya redio. Kompyuta zilikuwa saba, zote juu ya meza za miguu mirefu alizotengeneza Florentino, kwani wakati wa bamvua maji ya bahari yaliingia hadi ndani.

Juni 2018 kampuni moja ya mji mkuu ilileta kompyuta thelathini za msaada, kwa sharti kwamba vijana warekodi video ya shukrani wakiwa na fulana zenye nembo yake. Masanduku yalipofunguliwa, mende walimwagika mezani. Kompyuta moja ilikuwa na kiota cha panya, vitoto vimekaukia humo. Hakuna hata moja iliyowaka. Ofisa wa manispaa, leso puani, alihimiza kazi iendelee.

“Waambie watabasamu tu, Mwalimu. Huko hawataona ndani.”

Kijana mmoja akauliza, “Tuwashukuru kwa mende au kwa panya?”

“Kwa vyote,” marehemu alijibu. “Washa kamera, mfungue moja moja.”

Kila kijana alitaja alichokikuta na kushukuru kwa adabu. Video ilitumwa hivyo hivyo, dakika kumi na moja. Wiki hiyo hiyo manispaa ilifunga chumba, na darasa likahamia sebuleni kwake, vijana ishirini na watatu wakipokezana zile kompyuta saba.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa hospitalini katika mji wa Pasto. Inatia kinyaa kulisema hili mbele ya jeneza, lakini ofisa yule yule alimfuata wodini. Alitaka marehemu arekodiwe akisema kwamba video ile ilikuwa utundu wa watoto, ndipo chumba kirudishwe. Marehemu alijua fika kuwa sebule haitoshi. Alimwomba Yuliana amsogezee beseni, akatapika, akajifuta midomo.

“Kauli yangu ndiyo hiyo, mwanangu,” alimwambia ofisa. “Wapelekee.”

Alifariki Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wanafunzi wake. Kwa agizo lake mwenyewe, madhabahu ya sala za siku tisa itawekwa chumbani alikolala, si sebuleni kama ilivyo desturi yetu. Sebuleni kuna darasa. Vijana waje kesho, Jumatatu, saa kumi na moja jioni, kama kawaida.

Mwalimu wetu, Mungu akupe pumziko jema.