Siku Sista Aliponiuliza Ninavyopika Maharagwe

Ndugu zangu, sifa zimrudie Bwana, maana leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe!

Kabla sijasema lolote, nataka kuwataja waliokuwepo siku ile, asije mtu akadhani niliokoka peke yangu. Alikuwepo Mutua, ndugu yangu anayenifuata, fundi wa mawe. Alikuwepo Kioko, wa boda boda hapa Muthetheni, mnayemjua kwa makelele. Alikuwepo Mutheu, kitinda mimba wetu, na mtoto wake mgongoni. Alikuwepo Sista Mbithe, muuguzi wa zahanati. Na mimi Ndinda, kifungua mimba, nilikuwa nimelala kitandani, mkono wa kulia hauna nguvu. Na Mungu alikuwepo! Hakuna aliyemwona akiingia, lakini alikuwepo.

Wazee wa hapa mnajua tulivyokuwa. Baba alitangulia. Kisha mama akaanguka njiani akitoka mtoni, mtungi mgongoni, na mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea, ukiwa bado kwenye paji la uso wake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakuamka tena. Watu wakasema ni presha. Niliacha shule darasa la sita, kwa sababu Mutheu alikuwa hajaota hata meno.

Ndugu zangu, kupika muthokoi si mchezo. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe makavu hula kuni kutwa nzima, na kuni za kwetu hutafutwa mbali. Watoto wenye njaa hawangoji. Jirani akanifundisha: tia magadi, vitalainika upesi. Nikatia. Watoto wakala kabla hawajapitiwa na usingizi. Tangu siku hiyo magadi hayakukosekana jikoni mwangu. Niliyapenda kama rafiki aliyenisaidia wakati hakuna mwingine.

Watoto wakakua, Bwana ashukuriwe! Wakaacha kuniita dada, wakaniita Mwaitu, yaani mama. Lakini kichwa kikaanza kuniuma kisogoni. Zahanati wakanipima, wakanipa vidonge, wakaniambia niache chumvi. Nikaacha! Mimi nikisema nimeacha, nimeacha. Kikopo cha chumvi kilitoka nyumbani kwangu siku hiyo hiyo. Vidonge nilimeza bila kukosa. Presha haikushuka. Wakaongeza vidonge. Nikafunga na kuomba, na wengi wenu mlifunga pamoja nami. Bado haikushuka.

Ndugu zangu hao watatu wakaingiwa na hofu. Wakaninunulia kiti chenye mto laini. "Mwaitu, kaa. Umefanya kazi ya kutosha." Maji Kioko aliyaleta kwa pikipiki. Hata kyondo, kikapu ambacho tangu usichana nilikisuka nikitembea, kama mama zetu walivyosuka, sasa nilikisuka nimekaa. Nilikaa asubuhi, nikakaa jioni. Niliona ni heshima, na kweli ulikuwa upendo.

Basi siku hiyo walikuja nyumbani kuvuna mbaazi. Mutheu akaniletea mtoto nimpakate. Nikanyoosha mkono, mkono ukakataa. Nikataka kumwita mtoto jina lake, ulimi ukawa mzito kama jiwe. Nikaona macho ya Mutheu. Yeye hamkumbuki mama, lakini alinitazama vile mimi nilivyomtazama mama pale njiani.

Kioko akawasha pikipiki. Mutua akapanda nyuma yangu, akanikumbatia nisianguke. Mutheu akatufuata kwa miguu, mtoto mgongoni. Njia nzima alikuwa akiniambia sikioni, "Usilale, Mwaitu. Usilale."

Sista Mbithe akanihudumia, akapiga simu liletwe gari la kunipeleka hospitali kubwa. Tukalingoja. Mungu ni mwema! Kabla gari halijafika, vidole vilianza kusikia tena, na ulimi ukalegea. Sista akasema hilo lilikuwa onyo, na kwamba hospitali nitaenda tu. Kisha akauliza, "Na chumvi ameacha kweli?"

"Ameacha, sista," Kioko akadakia. "Mboga zake hata paka anaziangalia tu, anaenda zake."

"Basi niambieni anavyopika. Tuanze na maharagwe."

Mutua akasema, "Anachagua, anaosha, anabandika, anatia magadi..."

"Magadi?"

"Ai, sista! Wewe ni Mkamba wa wapi?" Kioko akamuuliza. "Bila magadi si tutatafuna kokoto?"

Sista hakucheka. "Kioko, kile kitu kinachopandisha presha kwenye chumvi, kiko pia kwenye magadi. Huyu amekuwa akikila kila siku. Na je, anatembea?"

"Hatembei!" Mutua akajibu kwa fahari. "Tumemnunulia kiti."

"Hicho kiti ukikalie wewe."

Kisha akaketi kando yangu, akanishika mkono. "Dada Ndinda, unaujua mukwa. Ukitumiwa na kupakwa mafuta, unakunjika vizuri. Ukitundikwa ukutani unakauka, unakuwa kama ubao, na siku ya mzigo unakatika. Mishipa ya damu ni hivyo hivyo. Presha ya miaka mingi inaikaza, chumvi inaikaza, kukaa tu kunaikaza. Sikudanganyi, haitarudi kuwa ya msichana. Lakini tunaweza kuizuia isizidi kukauka, na pengine ilegee kidogo. Utatembea. Magadi yatoke. Na vidonge usiache hata siku moja."

Mutheu alikuwa analia. "Sista, hayo magadi ndiyo yametulea."

"Najua," sista akasema. "Hata mimi yalinilea."

Mimi nikasema polepole, kwa ulimi ule mzito, "Mama alikwenda akiwa mdogo kuliko mimi. Labda ni zamu yangu."

Ndugu zangu, Mutheu hajawahi kunipandishia sauti maisha yake yote. Siku hiyo alipandisha!

"Zamu gani? Mwaitu, kwetu hakuna mtu amewahi kuzeeka! Mimi sijui mama mwenye mvi anakaaje. Huyu mtoto atamwita nani susu, nyanya yake? Ulitulea, asante, lakini hujamaliza. Tunakudai. Tunakudai uzeeke!"

"Tena uzeeke vibaya," Kioko akasema, huku machozi yanamtoka. "Meno yaishe, utusumbue, utuite usiku na mchana."

Tukacheka wote, hata sista, na nikajikuta ninalia. Hapo ndipo nilipofunguliwa! Tangu mama alipoanguka, nilikuwa nimeiweka njia ile moyoni kama njia yangu. Niliwalea hawa nikijua kwamba siku moja nitaanguka pale pale. Niliomba Mungu aniondolee presha, naye akaanza kwa kuniondolea njia hiyo. Presha bado ninayo, ndugu zangu. Hofu sina!

Gari lilinipeleka hospitali, nikarudi salama. Siku hizi muthokoi wangu unalala ndani ya maji. Mutua huniletea kuni, chungu kichemke kitakavyo. Kiti amekichukua yeye. Asubuhi natembea hadi mtoni kwenye bwawa la mchanga linalotutunzia maji, nikisuka kyondo njiani. Kioko hunipita na pikipiki, anapiga honi, "Mwaitu, nikubebe?" Namwambia, "Pita hivi!" Mukwa wa mama niliutoa ukutani, nikaupaka mafuta. Na kipimo cha sista kinashuka, taratibu, lakini kinashuka.

Kama uko hapa na unaogopa kupimwa, mwamini Mungu, uende. Kama umepimwa na haishuki, usikate tamaa, wala usiache dawa. Mweleze muuguzi hata vile unavyopika. Mungu wetu hadharau maharagwe. Ninawashukuru nyote mliofunga nami.

Juzi Mutheu alikuwa ananisuka nywele nje ya nyumba. Ghafla akapiga kelele, majirani wakatoka mbio. Ameona unywele mmoja mweupe! Aliubusu. Kioko akauangalia kwa makini, akasema, "Haya, umeanza kulipa."

Nimeanza, ndugu zangu. Ni mmoja tu. Deni lililobaki ni kichwa kizima.