Mama Haloo Aweka Simu Chini

Kwa niaba ya Idara, na baada ya mashauriano ya kina na pande zote zinazohusika, tunawatangazia watumishi wote kwamba birika la umeme la chumba cha mwisho, ghorofa ya chini, limeondoka. Limerudi kwa mwenyewe. Idara inasikitishwa na hatua hiyo, inafuatilia hali kwa karibu, na inatoa wito kwa wote waliozoea kujipatia chai hapo bila kuchangia hata kijiko cha sukari wawe watulivu.

Birika halikuondoka peke yake. Limebebwa na mwenye chumba, ambaye tarehe thelathini ya mwezi huu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Faili lake lina jina kamili na cheo kirefu ambacho hakijawahi kuenea kwenye kibao cha mlangoni. Sisi tunamjua kwa jina moja: Mama Haloo. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye meza za kutazamana kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa mezani na mke wangu. Isitoshe, mimi ndiye mwandishi wa matamko ya Idara, yaani yale maandishi ambayo wewe msomaji hujawahi kuyamaliza. Leo jitahidi, na mimi nitajitahidi.

Aliingia hapa akiwa msichana wa mitambo ya simu, enzi ambazo kumuunganishia Waziri laini kulihitaji vidole vyepesi na dua. Serikali mbili, yetu na ile ya ng'ambo ya mlango wa bahari, zilipochoka kurushiana risasi, zilikaa zikashindwa kuelewana juu ya kila kitu isipokuwa simu moja. Waya utandazwe chini ya maji, chombo kimoja kwetu, kingine kwao. Asubuhi tupige sisi, alasiri wapige wao. Akatafutwa mtu mwenye sauti isiyokasirika. Akaitwa yeye, akapewa chumba kati ya stoo ya karatasi na choo cha wageni, akaifumia ile simu kitambaa cha kuifunika, na hajatoka humo mpaka leo.

Mazungumzo yaliyokubaliwa na serikali hizo mbili ni haya: Haloo, mnatusikia? Tunawasikia. Kuna lolote? Hakuna. Basi. Majina hayatajwi, hali ya hewa haiguswi, na kila neno linarekodiwa huku na kule, kwa hiyo katika wasifu huu simwagi siri ya mtu.

Ng'ambo alikuwepo mwanamume mmoja mwenye sauti ya mafua yasiyopona. Mama Haloo alimpa jina la Shemeji, kwa hoja kwamba mtu wa ukoo mwingine ambaye huna budi kuongea naye, umpende usimpende, ni shemeji yako tu. Hakuwahi kumwita hivyo simuni. Lakini Shemeji naye alikuwa na lake moyoni. Mama Haloo alipolazwa kufanyiwa upasuaji wa goti, nilikaimu mimi. Nilivaa tai. Nilisema "Haloo" kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na ile sauti ya mafua ikauliza, "Wewe nani? Yule mama yuko wapi?" Kesho yake serikali yao ilitutaka tutoe maelezo rasmi juu ya mabadiliko ya watumishi. Ndiyo barua ya pekee kutoka ng'ambo iliyowahi kunihusu mimi binafsi, na haikuwa ya pongezi.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi wa miwani, analalamika kwamba mkewe akirudi kazini humuuliza, "Kuna lolote?" Akishajibiwa "Hakuna" huridhika kabisa, hata kama bomba la jikoni limepasuka. Binti yao alikua akiamini kwamba mama yake anauza kitu kwa simu na hakipati mnunuzi.

Halafu kuna makombora. Jirani yetu amejaribu makombora ya kubeba bomu la nyuklia mara nyingi kiasi kwamba kichwani mwangu yamechanganyika, sijui tena lipi lilikuwa la mwaka gani. Ving'ora hulia, wazazi hukimbilia shuleni, benki hufunga milango, na sisi hupanda ghorofa ya tatu kwenye Kamati ya Dharura, kwenye viti vilevile, kuulizana swali lilelile: tufanye nini na jirani anayejaribu silaha ya kutumaliza? Mimi huandika tamko. Mkurugenzi wetu hulipitia. Tunamwita Bwana Vikali, kwa sababu hajawahi kuliona neno "tunalaani" likitembea peke yake bila kuliongezea mwenzi. Anajua tunamwita hivyo, na aya hii ameisoma kabla yenu.

Hoja ya Bwana Vikali ilikuwa na uzito, wala sitaipunguza kwa kuwa leo ni siku ya mtu mwingine. Mtu akirusha kombora jioni, na asubuhi ukamsalimia kama kawaida, atajifunza nini? Kwa hiyo baada ya kila jaribio alitaka simu ya asubuhi isipigwe, wiki moja, mbili, kutegemea ukubwa wa kombora. Kwenye nyaraka hatua hiyo inaitwa kusitisha mawasiliano. Mama Haloo aliiita kununa.

Msidhani yeye alikuwa mpole. Aliunga mkono vikwazo kuliko wengi pale juu, ila alitaka bandari zilindwe kwanza, maana aliona aibu kutangaza vikwazo ambavyo kila meli inavipita. Alitaka rada mpya, alitaka mahandaki ya shule yawe na maji na vyoo, alitaka wananchi waambiwe ukweli kabla uvumi haujafika sokoni, na alitaka tukae na serikali rafiki kabla hajatoka mtu mmoja kubwata kwenye redio. Alichokataa ni mambo mawili: kutishia jambo ambalo hatuna nia ya kulifanya, na kununa.

"Simu si zawadi, Mkuu," alikuwa akimwambia Mkurugenzi. "Zawadi unamnyima mtu akikukosea. Hii ni breki. Nani anang'oa breki za gari lake kwa sababu amemkasirikia dereva wa gari lingine?"

"Mama, na wewe na mifano yako. Watatuona mabwege."

"Watuone. Mradi watusikie."

Ukweli unaochosha ni kwamba tulinuna na tukaacha kununa, tulilaani, tuliweka vikwazo, tulifanya mazoezi ya kijeshi na marafiki, tulikaa nao mezani tukapigwa picha, na makombora yakaendelea kuruka. Mtu akiniambia siku hizi kwamba ana dawa moja ya jambo hili, namkaribisha kiti. Namwona bado ana nguvu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotunyima usingizi. Habari za kustaafu kwake zilipotoka, kitengo cha mitambo kilileta pendekezo: kiti chake kisijazwe. Kompyuta yetu itume ishara kila asubuhi, kompyuta yao iijibu, taa ya kijani iwake ghorofa ya tatu, na waya uwe umepimwa. Ni nafuu, haiugui goti, haiendi likizo. Mama Haloo alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alijibu kwamba saa ya ukutani anayo. Anataka kiti kipate mtu. Alisema mara moja tu. Lakini wiki zile nilimwona akiifuta ile simu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Waliotaka kumtetea walitegemea hadithi ya korido. Mnaijua. Inahusu siku ile kombora lilipoanguka upande wetu wa maji, karibu kiasi cha kuvunja vioo vya maghala ya forodha. Wanasema Mama Haloo alinyakua simu, akamgombeza jenerali wa ng'ambo kama mtoto aliyemwaga maziwa, mpaka jenerali akaomba radhi na vita ikaahirishwa. Nimesikia dereva mmoja akiisimulia kwa kuigiza sauti zote mbili. Kuna na hadithi ya pili, ya kwenye tamko, kwamba msimamo thabiti wa serikali ndio uliomfanya adui ashushe sauti. Mwandishi wa hiyo mnamjua.

Kitengo cha mitambo kilizicheka zote mbili, na kwa haki. Nilikuwemo chumbani siku ile. Mama Haloo na Mkurugenzi wameniruhusu niseme ilivyokuwa.

Kamati ilikuwa imeamua mambo mawili. La kwanza, simu isipigwe. La pili, kesho yake jeshi letu lirushe kombora letu kwenye upande wao wa maji, kama jibu linalolingana. Rada za ng'ambo zingeliona likija, na hakuna aliyeweza kusema wangelitafsiri vipi. Bwana Vikali hakutuma mlinzi. Aliteremka mwenyewe hadi ghorofa ya chini, akakaa kwenye kiti changu, kuhakikisha kwamba Mama Haloo hapigi. Alimjua. Mimi nilisimama karibu na kabati la mafaili, nikijifanya natafuta kitu. Mke wa Mkurugenzi alimpigia kwenye simu yake ya mkononi kumuuliza kama awapeleke watoto kwa bibi yao. Alimjibu kwamba hajui. Akapiga tena, akamjibu vilevile.

Ndipo simu yenye kitambaa ikalia. Haikuwa zamu yao. Miaka yote haikuwahi kulia nje ya zamu. Mama Haloo hakuigusa. Alimtazama bosi wake.

"Amri inasema tusipige," Mkurugenzi akasema polepole. "Haijasema tusipokee."

Akapokea, akaishika mbali kidogo na sikio ili na sisi tusikie. "Haloo. Tunawasikia."

Shemeji hakuuliza kama kuna lolote. Kulikuwa na pumzi tu, pumzi ya mtu mwenye mafua, na nyuma yake milango ikifungwa na watu wakitembea haraka. Kisha akasema, "Mko wazima huko?"

Swali hilo halimo kwenye makubaliano. Jibu lake nalo halimo.

"Wazima," akasema Mama Haloo. "Nyie je?"

"Tupo."

"Haya."

"Haya, mama." Ikakatika.

Basi. Hapakuwa na jenerali, hakugombezwa mtu, wala hakuna aliyeomba radhi. Alirudisha kitambaa juu ya simu, kikateleza kikaanguka, nikakiokota mimi.

"Mtu aliyekulenga hakuulizi hivyo," Mkurugenzi akasema.

"Anaweza kuuliza ajue kama amekupata, Mkuu. Tusijidanganye."

"Wewe ndiye unayeisikia sauti yake kila siku. Unaonaje?"

"Naona ameogopa. Kama sisi."

Bwana Vikali akapanda ngazi, hakungoja lifti. Pale juu aliiambia Kamati kwamba ng'ambo wamepiga nje ya zamu kuuliza hali, na kwamba anaomba kombora letu lingoje. Baadhi walimcheka. Mmoja alimuuliza kama na yeye sasa amekuwa bwege. Lakini lilingoja siku moja, kisha nyingine, kisha ng'ambo wakatoa taarifa kavu kwamba chombo chao kilipoteza mwelekeo. Letu halikuruka. Kama lingeruka ingekuwaje, sijui, na anayejua hajazaliwa. Yawezekana pasingetokea kitu. Hatukuokoa dunia. Tulipata siku mbili za kufikiri, na tulizipata kwa sababu mtu wa huku na mtu wa kule walikuwa wanajuana kwa sauti.

Miezi michache baadaye Shemeji hakusikika tena. Sasa anajibu mwanamke mmoja mwenye haraka. Kama Shemeji alistaafu, au alipandishwa cheo, au alipatwa na jingine kwa sababu ya swali lile, hatuna ruhusa ya kuuliza, na Mama Haloo anaondoka bila kujua. Nadhani hilo ndilo linalomchosha kuliko goti.

Wiki iliyopita Bwana Vikali aliyasimulia haya yote kwenye kikao, pamoja na kwamba aliteremka kuilinda simu isipigwe. Kiti kitajazwa. Kwa sasa kitajazwa na mimi, na Mama Haloo amenifundisha kusema "Haloo" kama binadamu. Anasema bado nina dalili za tai. Juzi ng'ambo wamerusha lingine. Niliandika tamko, Mkurugenzi akaongeza neno lake, vikwazo vipya vinajadiliwa, na asubuhi yake simu ikapigwa kwa saa yake. Yule mwanamke mwenye haraka alijibu kwamba hakuna lolote, kisha, kabla hajakata, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuongeza kitu. Hakuongeza. Mama Haloo alimngoja.

Asante, dada yetu, kwa kungoja kote huko. Idara nzima inakuombea maisha mema, goti jema na mume asiye na lolote la kuripoti. Nenda kapumzike. Tutakupigia mara mojamoja, nje ya zamu, tujue kama uko mzima.