Chuo Nilichomnyima Mwanahawa

Bwana asifiwe! Lakini leo naomba mniitikie polepole, ndugu zangu, maana mkishasikia niliyokuja kuyasema, pengine mtatamani mrudishiwe hiyo amina yenu.

Jina langu mnalijua. Mimi ni Elia, mtoto wa marehemu Mwalimu Daudi aliyefundisha shule ya msingi hapa Miono. Mama yangu ndiye yule aliyeketi benchi la pili, ameinamisha kichwa. Msimtazame sana. Nilimweleza yote juzi jikoni kwake. Akaepua sufuria, akakaa chini. Leo amekuja. Namshukuru Mungu kwamba amekuja.

Wengi wenu mnaniita Injinia. Mmeniita hivyo tangu siku ile ya shukrani, hapahapa mbele, mliponivisha shada la maua, kinamama wakapiga vigelegele, mkala ubwabwa wa mama yangu kwa sababu kijana wenu amerudi na digrii ya sayansi ya kompyuta. Ndugu zangu, sikurudi na digrii. Nilidisko! Mwaka wa pili nilifeli hesabu, nikaondolewa chuo. Wala msinionee huruma mkadhani zilikuwa ngumu mno. Wenzangu walipokuwa darasani, mimi nilikuwa bwenini natengeneza simu za watu na kujiona fundi. Nilisema hesabu ni za walimu, kompyuta ni mikono. Mtihani ukaja ukaniumbua.

Nikabaki Dar, nikibangaiza kwa fundi simu mmoja Kariakoo, na kila mama aliponipigia nilimwambia niko kwenye majaribio. Wenzangu walipohitimu, nikaenda studio ya picha, nikaazima joho na kofia, nikapigwa picha nimeshika karatasi nyeupe iliyosokotwa na kufungwa utepe. Ndiyo ile picha mliyoizoea, iliyoning'inia kwenye steshenari yangu juu ya mashine ya fotokopi. Karatasi ile ilikuwa tupu. Mmeitazama miaka yote hiyo na kumwonyesha kila mtoto, nami nikiwa hapo chini yake natoa kopi.

Sasa, uongo ukishapigiwa vigelegele haukubali kukaa kimya. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mliniletea watoto. Wengine walitoka hadi Lugoba. "Injinia, huyu mtoto aende chuo gani?" Nami nilikuwa najibu! Nilikuwa najibu bila hata kukohoa. Nakaa kwenye kile kiti changu cha kuzunguka, nazunguka kidogo, nasema hiki kizuri, kile achana nacho. Vyuo vingine nilivijua kwa bango la barabarani tu. Mungu anisamehe.

Ndipo akaja Mwanahawa.

Mwanahawa ni binti wa Mzee Ramadhani, jirani yetu, mkulima wa mananasi na ufuta. Wao ni Waislamu, sisi ni watu wa kanisa, lakini baba yangu alipofariki, Mzee Ramadhani ndiye aliyesimama na vijana wake wakachimba kaburi. Huyo ndiye mtu niliyemtendea nitakayowaambia.

Binti alikuja na daftari. Akanisalimia, "Shikamoo, Kaka Elia," akafungua ukurasa alioandika maswali. "Kaka, hivi vyuo viwili vyote vinafundisha sayansi ya kompyuta. Ni kipi wanaandika programu wenyewe tangu mwaka wa kwanza, na kipi wanafundishwa kutumia tu? Hesabu wanasoma miaka mingapi? Na maabara inafungwa saa ngapi?"

Maabara inafungwa saa ngapi! Mimi niliyekaa chuo miaka miwili sikuwahi kulijua hilo. Nilisema maneno mengi ya Kiingereza. Yeye akasikiliza kwa adabu, kisha akaonyesha kwa kidole chuo alichokitaka. Kilikuwa kilekile kilichoniondoa.

"Hiki ulichosoma wewe ndicho chenye hesabu nyingi," akasema. "Nakitaka hiki. Nikifika, nitawasalimia walimu wako."

Ndugu zangu! Kumbe ataniulizia. Atasema natoka Miono, kwa Kaka Elia aliyehitimu hapa. Wataangalia orodha yao ya wahitimu, na habari itarudi kijijini kabla ya likizo ya kwanza. Nikamwambia chuo kile hesabu zake zinaua watu, aende hiki kingine, kipya, kina majengo ya vioo. Akacheka. "Hesabu haziniui mimi, kaka." Akaomba nimjazie vyote viwili.

Nikamjazia. Na penye namba ya simu nikaweka yangu.

Wenzangu wenye steshenari mnisikie. Ndiyo desturi yetu. Mtoto hana simu, mzazi ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, basi tunajaza namba yetu, barua pepe yetu, na nywila tunaiandika kwenye daftari letu. Tunasema ni kurahisisha mambo. Kweli inarahisisha, hata wizi inaurahisisha. Ujumbe wa chuo ungeingia vizuri kabisa kwenye kitochi cha Mzee Ramadhani. Nilijua, lakini sikumwambia.

Majina yalipotoka, ujumbe uliingia kwenye simu yangu mchana, nikiwa peke yangu dukani. Mwanahawa alikuwa amechaguliwa vyuo vyote viwili! Akatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa humohumo. Kilichobaki ilikuwa kutoka nje na kukimbia kuwaambia, maana kwao ni mwendo wa dakika tano. Badala yake nilifunga mlango, nikageuza kiti nisiione ile picha, nikathibitisha chuo cha vioo. Kisha nikaufuta ujumbe.

Alipokuja nilimpa mkono. "Hongera, umepata hiki kipya."

"Na kile kingine?"

Nikasema, "Wamekukataa."

Hakulia. Laiti angelia! Aliangalia sakafu, akasema kwa sauti ndogo, "Basi hesabu zangu hazikutosha." Akalikunja lile daftari lake la maswali, akanishukuru, akaondoka. Alinishukuru, ndugu zangu. Nimekosa mengi maishani, lakini sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha mpaka leo. Mtoto niliyemwibia alijilaumu mwenyewe.

Mngedhani niliungama siku ileile. Hapana. Nilikula, nililala, na Jumapili nikaja hapa nikaongoza kipindi cha sifa, tena kwa nguvu!

Wiki iliyofuata Mzee Ramadhani akafanya dua nyumbani kwake kumwombea binti. Nikaalikwa. Nilitaka kusingizia homa, mama akasema jirani hakataliwi, akanituma niende kwa niaba yake. Nikawekwa mkekani karibu na shehe, sinia ya pilau mbele yangu. Mzee Ramadhani akainua mikono akaniombea mimi kwa jina. Akasema Mwenyezi Mungu amzidishie kijana huyu elimu kama alivyowafungulia watoto wetu njia. Watu wote wakaitikia amina. Nilikuwa na tonge mdomoni. Halikupita.

Kisha ikaja desturi yao, ambayo wengi mnaijua. Anayesafiri huomba radhi kabla ya kuondoka, asiende na kinyongo cha mtu. Mwanahawa akaanza kwa bibi yake, akaja kwa baba, kwa mama, kwa majirani. Mimi nikawa nahesabu mikeka, nikiomba Mungu kila aina ya dharura itokee. Haikutokea. Akafika, akapiga magoti mbele yangu, mtandio kichwani, akanishika mkono.

"Kaka Elia, nakuomba radhi. Kama kuna siku nilikukosea, au nilikujibu vibaya kuhusu zile hesabu, unisamehe kwa ajili ya Mungu."

Kwa ajili ya Mungu! Nimewahi kuhudhuria mikesha, nimewahi kuwekewa mikono na wahubiri wakubwa, na sikuwahi kutikisika. Siku ile msichana wa jirani, asiyeijua hata njia ya kanisani kwetu, alinitikisa kwa kuniomba mimi msamaha. Bwana alikuwa pale, na sina namna nyingine ya kulieleza. Nikatema lile tonge kwenye kiganja, mbele ya shehe, nikasema, "Inuka, Mwanahawa. Mimi ndiye niliyekukosea. Hawakukukataa. Walikuchagua. Nilikukataa mimi."

Nikasema yote, hata habari ya joho. Mama wa Mwanahawa akaanza kulia. Nami machozi yakanitoka, nikamshika Mzee Ramadhani miguu, naomba radhi, naomba radhi.

Akaiondoa miguu yake. "Elia," akasema, wala si Injinia tena, "kulia utalia baadaye. Hicho chuo kinarudi au hakirudi?"

Nikamwambia muda wa kubadilisha unakwisha kesho yake.

"Basi simama twende dukani."

Tukaacha pilau likipoa, tukaenda, baba mbele, binti kati, mimi nyuma kama mtuhumiwa. Tena nilistahili pingu. Nikafungua kompyuta, nikaomba kuufuta ule uthibitisho. Namba ya siri ikachelewa. Ndugu zangu, nimeomba maombi mengi, lakini la pale lilikuwa fupi. Nilishika simu kwa mikono miwili nikasema tu, "Bwana, asilipe huyu kosa langu. Asilipe huyu." Mzee Ramadhani naye alikuwa akivuta tasbihi yake kimya. Simu ikalia! Nikamsomea Mwanahawa tarakimu moja moja, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akathibitisha chuo chake mwenyewe. Kisha akafuta namba yangu ya simu, akaweka ya baba yake. Hakunitazama hata mara moja. Bwana asifiwe kwa hilo, na kwa hilo itikieni kwa nguvu!

Mzee Ramadhani aliposimama kuondoka, aliitazama ile picha ukutani. "Radhi nimekupa," akasema, "kwa ajili ya baba yako niliyemzika. Lakini na watu wa kanisani kwako uliwalisha ubwabwa wa uongo. Nenda kwao nao. Waliosikia leo nyumbani kwangu nitawaomba wakuachie useme mwenyewe."

Nilisema nitakuja Jumapili. Hiyo ilikuwa mwaka jana! Picha niliishusha jioni ileile, mkaniuliza iko wapi, nikawaambia kioo kimepasuka. Mnaona? Nimeshafunguliwa, na bado nakumbatia kamba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimechagua kufa taratibu, mwaka mzima, kwenye benchi la kwaya.

Juma lililopita Mwanahawa alikuja likizo. Ameingia mwaka wa pili, na hesabu hazijamuua. Juzi alipita dukani kutoa kopi. Aibu yangu ikanisukuma nimuulize nilichokiogopa siku zote. "Wale walimu wangu, walisema nini juu yangu?"

Akanitazama kwa upole. "Niliuliza, kaka. Hakuna anayekukumbuka."

Ndugu zangu! Nilitaka kumzika msichana wa watu akiwa hai ili kulinda jina ambalo pale halikuwepo. Nilicheka, kisha nikaingia nyuma ya mashine ya fotokopi nikalia mpaka karatasi zikaloa. Siku ileile nikaenda jikoni kwa mama.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Picha hii hapa, nimekuja nayo kwenye mfuko wa rambo, mchungaji akiona vema tutaichoma, asipoona vema nitaichoma mwenyewe. Kwenye ule msumari nimetundika karatasi nyingine, ina maandishi, mkipita mtaisoma: MWENYE DUKA HAKUMALIZA CHUO. ANDIKA NAMBA YAKO MWENYEWE. Mzazi ukiniletea mtoto, nitamjazia fomu vizuri, maana kujaza najua. Ukiniuliza chuo gani, nitakwambia sijui, tutafute anayesoma huko tumpigie. Mwanahawa amekubali kupokea simu zenu.

Namshukuru Mungu aliyenizuia tonge lisipite. Namshukuru aliyeichelewesha siku ya mwisho ya kubadilisha chuo hadi kesho yake. Na wewe uliyeketi hapo, una picha yako ukutani unayoijua peke yako, mwamini Bwana leo. Inauma, sitakudanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Lakini usingoje mpaka yule uliyemkosea aje akupigie magoti.

Na sasa naomba mnipishe kidogo hapa mbele, nipige magoti mimi. Kanisa, nawaomba radhi. Mama, nakuomba radhi.