Yokosafati Egau, Mkamata Mbu wa Tororo

Ijumaa, tarehe 28 Juni 1968, Bw. Yokosafati Egau anastaafu baada ya kukitumikia Kikosi chetu cha Mbu, hapa Tororo, kwa miaka thelathini na miwili. Alikuja kutoka Osukuru akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akaajiriwa kufyeka majani kando ya mabwawa. Anaondoka akiwa Msimamizi wa Wakamata Mbu, cheo ambacho hakuna Mwafrika aliyekishika kabla yake.

Shule aliishia darasa la nne. Habari za mbu alijifunza mwenyewe. Alimtambua kwa jinsi alivyotua ukutani, kabla sisi hatujatafuta kioo cha kukuzia. Bi. Scovia wa maabara aliwahi kumtega kwa kumtilia inzi mdogo ndani ya kichupa cha mbu. Kichupa kilirudi na lebo safi: “Huyu si wa idara yetu.”

Lakini tunaomzunguka tunamkumbuka zaidi kwa kiangazi cha mwaka 1960. Homa mpya ilikuwa imeshuka kutoka kaskazini, ambako waliiita onyong-nyong, yaani mvunja viungo. Hapa kwetu, vijiji vya Kisoko na Nabuyoga, watu wazima walitambaa kwenda uani. Dawa ya malaria haikusaidia kitu. Daktari aliyetuongoza wakati huo aliamini kwamba homa hiyo inaenezwa na mbu wanaozaliwa ndani ya mitungi, akaamuru kila mtungi umwagwe. Visima vilikuwa vimekauka, na maji yalitekwa mbali. Mitungi mingine ilivunjika mikononi mwa watu wetu.

Bw. Egau alipofika kukamata mbu kwa Mama Akullo, mjane wa Nabuyoga, alimkuta amesimama mlangoni. “Nyinyi mnavunja mitungi ya watu, halafu mnaomba kuingia nyumba?” Hakubishana naye. Siku ya soko alikwenda Busia kwa baiskeli, akarudi na mtungi mpya umefungwa nyuma kwa kamba za katani, akamkabidhi na kuomba radhi kwa niaba yetu. Mama Akullo alifungua mlango. Majirani wakafuata.

Ndani ya nyumba zile, asubuhi baada ya asubuhi, aliona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona. Akamwendea daktari, akasema kwa Kiswahili cha huku kwetu: “Bwana mkubwa, mbu ya mtungi iko kidogo tu. Ile ya malaria ndiyo iko mingi kwa nyumba, na tumbo yake imejaa damu. Mimi nafikiri ni hiyo.” Daktari alimwambia kwamba malaria ni jambo lingine, na kazi ya mkamata mbu ni kukamata. Bw. Egau aliomba wiki mbili. Alipewa, nadhani ili anyamaze.

Siku ya tano homa ilimpata yeye mwenyewe. Vidole vilivimba, magoti yakakataa kukunjika. Tulimwambia apumzike. Mkewe, Alupo, alimtazama akihangaika kushika ule mrija wa kioo tunaowanyonyea mbu, akamnyang'anya. “Wewe nionyeshe tu pale wanakaa. Mimi nitawatoa.” Kwa siku tisa mama huyo aliingia nyumba kwa nyumba, mumewe akiegemea fimbo na kumwelekeza kwa kidevu. Walikamata mbu elfu mbili mia tatu na kumi. Jina la Alupo halikuwahi kuandikwa kwenye orodha yetu ya wafanyakazi. Leo tunaliandika hapa kwa heshima.

Mbu wale walipelekwa maabara kuu ndani ya barafu. Jibu lilichukua majuma saba: kirusi cha homa ile kimepatikana ndani ya mbu wa malaria. Daktari, tumpe haki yake, aliisoma barua mbele yetu sote, akamwita Bw. Egau asimame kando yake, akamshika mkono ambao bado haukuweza kufunga kifungo cha shati. Amri ya mitungi ilifutwa siku ileile. Tukaanza kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba, na Bw. Egau ndiye aliyechagua tuanzie wapi.

Tangu hapo amefundisha wakamata mbu arobaini na wanne. Baadhi yao sasa wanafanya kazi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na bado wanamwandikia kumuuliza maswali. Hujibu yote, kwa mwandiko mkubwa ulionyooka.

Mzee Egau, ulipoambiwa kwamba kazi yako ni kukamata tu, uliendelea pia kufikiri. Kwa hilo wako watu wengi wanaotembea wima leo bila kujua jina lako. Sisi tunalijua, nasi tunakushukuru. Mungu akupe wewe na Mama Alupo miaka mingi ya afya huko Osukuru, mihogo iliyonenepa, na asubuhi za kulala mpaka jua lipande.