Nambari ya Mzee Kweyu na Geti la 1013

Bwana Wycliffe Kweyu anastaafu tarehe 31 Oktoba 1997, baada ya kusoma mita za maji Eastlands kwa miaka thelathini na mmoja, kumi na minane ya mwisho akiwa mtaa wa Umoja. Ameumwa na mbwa mara nne. Viatu alivyovimaliza havihesabiki, ingawa yeye anadai amevihesabu.

Mzee huyu hapiti nambari bila kuichokoza. Mwaka 1988 ofisi yetu ilifungiwa mita mpya yenye nambari 1052507, naye akataka kujua kama kuna nambari inayoigawanya pasibaki kitu. Mbili ilishindwa, tatu na tano pia. Basi akabuni utaratibu ambao msoma mita pekee angeubuni: kila geti lilipochelewa kufunguliwa, aligawanya kwa nambari ya nyumba hiyo, amesimama, penseli mkononi. Nyumba kama ya 15 aliziruka, maana tatu na tano zilikwisha kushindwa. Kwa jumla alijaribu nambari 168, ya mwisho ikiwa 997, na zote ziliacha baki. Njia yake ya kusoma mita iliishia nyumba ya 1000. Mwaka 1990 akatutangazia, kifua mbele, kwamba nambari yetu haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tulimwamini. Wageni walionyeshwa mita hiyo kabla ya kuonyeshwa choo.

Lakini Umoja haichoki kujengwa. Mwezi uliopita alikabidhiwa nyumba mpya zilizoongezwa mwisho wa njia. Kwa Mama Khavere, nyumba ya 1013, mbwa alikuwa hajafungwa, Mzee akangoja. Kwa mazoea akagawanya. Ikatoka 1039, na hakikubaki kitu.

Hapo palikuwa pagumu. Saa ya ukutani ya kumuaga ilikuwa tayari, na Oketch wa stoo alikuwa ameichonga kwa mkono wake: 1052507 HAIGAWANYIKI. Mzee alikuwa ameiona. Angenyamaza, nani angejua? Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuirudia hesabu ile. Alinyamaza siku mbili, chai hakunywa. Siku ya tatu alisimama mbele yetu, akaandika hesabu yote ubaoni, akasema: "Jameni, nilisimama kwa sababu njia iliisha. Hesabu ilikuwa bado." Akatueleza kwamba alipaswa kufika 1025, maana kuanzia 1026, nambari ikizidishwa kwa yenyewe inapita ile yetu, na katika nambari mbili zinazoizaa, moja lazima iwe chini ya hapo. Wengine walicheka. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema.

Oketch amechonga mstari wa pili: 1013 × 1039. Ule wa kwanza Mzee amekataa ufutwe.

Asante, Mzee Kweyu, kwa mita zote ulizosoma sawasawa, na kwa ile moja uliyoirudia. Tunasikia mita ya bomba lako huko kwenu Butere ina nambari ya tarakimu nane, na umeshainakili. Tunakuombea pumziko jema na maji yasiyokatika. Na safari hii, Mzee wetu, usiishie kwenye geti la mwisho.

Benta Odero, kwa niaba ya wasoma mita