Kopo la Unga wa Chapati

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba msinishangae nikitembeatembea hapa mbele. Tangu asubuhi miguu yangu haitulii, na mkinisimamisha sehemu moja nitasahau hata nilichokuja kusema.

Mama kiongozi ameniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonipigania dhidi ya adui yangu. Nitashuhudia. Ila mambo yenyewe hayakwenda hivyo, mama, na unisamehe mapema, maana nikianza sirudi nyuma.

Wengi hapa Mtoni mnanijua kama yule dada wa kriketi. Wengine mpaka leo mnaniuliza ule mchezo una maana gani. Kazi yangu mie ni kukimbia na kurusha mpira mgumu, uangushe vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mwenzangu mwenye gongo. Basi. Nimeifanya tangu shule ya msingi, na mwaka jana klabu moja ya nje ikaniahidi mkataba wa msimu mzima, wa kulipwa. Mama yangu, mwalimu wa watu kutoka bara, aliyekuwa akinichapa kwa kuchafua sare uwanjani, aliisoma ile barua mara tatu kisha akaingia chumbani kulia.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuogopa. Nilijiona mdogo, nilijiona mchovu, nikawaza hao wa nje watanicheka. Kwenye gym ninapofanyia mazoezi kuna kaka anauza unga wa kuongeza nguvu. Kopo zima ni bei anayoiweza mwenye duka Kariakoo, kwa hiyo sie tulikuwa tunanunua wa kupima. Kijiko kimoja, kifuko cha nailoni, fundo, umeondoka. Nyie mnacheka, lakini nani hapa hajanunua mafuta ya kula ya kupima? Umewahi kumuuliza muuzaji akuonyeshe dumu limeandikwa nini?

Nilikuwa nachanganya na maji kabla ya kila mechi. Moyo unaenda mbio kidogo, mkono unakuwa mwepesi. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

Siku moja baada ya mechi wakaja wapimaji, wale wanaotafuta dawa zilizokatazwa michezoni. Nikatoa mkojo, nikapewa fomu inayouliza umetumia nini siku saba zilizopita, dawa au virutubisho. Nikaandika dawa ya kichwa. Ule unga sikuuandika. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuficha kitu. Niliuona chakula tu. Nani anaandika ugali kwenye fomu?

Wiki kadhaa baadaye ikaja barua. Kwenye mkojo wangu kumekutwa kitu kilichokatazwa, nimesimamishwa, na nikishindwa kueleza kilivyoingia naweza kufungiwa miaka miwili. Klabu ya nje ikaniandikia mistari miwili tu kwamba imesitisha mkataba.

Sikulala, sikula, sikukaa. Nilikuwa natembea kutoka hapa mpaka Mbagala kwa miguu bila safari. Anayetuandikia alama klabuni ni mama mmoja wa Kihindi, mfamasia, ameniona tangu nina meno ya utoto. Nikamwendea dukani kwake.

"Shikamoo mama. Nimeonewa."

"Marahaba. Kuonewa tutazungumza baadaye. Umekula nini?"

Nikamtajia mpaka ule unga. Akaweka kalamu chini. "Niletee kopo."

"Sina kopo, mama. Nilinunua wa kupima."

Aliniangalia kwa huruma mpaka nikaona aibu. Akasema bila kopo hatuna maneno. Nikakimbia kwa yule kaka wa gym, na yeye kanitolea macho: "Mie sijawahi kukuuzia kitu, sista." Makopo matupu alishayagawa zamani.

Hapo ndipo nilipokuja hapa kwenu.

Mnakumbuka siku ile. Nilipiga magoti pale karibu na spika, nikawaambia kuna mtu kaniwekea kitu kwenye maji. Sikulitaja jina, lakini nilisema ni mrushaji mwenzangu, ni jozi yangu, na kwamba nikiondoka mie nafasi inabaki kwake. Kwenye kriketi warushaji mnapokezana, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na sie wawili tulikuwaga tunakunywa chupa moja. Kwa hiyo hesabu ilinikaa vizuri. Tena nilijua moyoni kwamba ule unga upo. Nilijua, wapendwa. Lakini kuwa na adui kuna utamu wake, ukishampata hujiulizi tena wewe mwenyewe ulikula nini.

Mkaniamini. Tukafunga siku tatu. Tukamkanyaga yule dada kwa maombi, tukamteketeza, mie nikipaza sauti kuliko wote.

Mtoni maneno hayakai ndani. Wiki ile ile uwanjani wakaacha kumgusa. Akiokota chupa, mwenzake anaweka yake chini. Akikaa benchi, wengine wanakumbuka wana shughuli. Mie nikisikia, nilisikia raha. Nalisema hilo kwa aibu, lakini nalisema.

Jumamosi moja mchana akabisha hodi kwetu. Ameshika kopo kubwa jeusi, limejaa vumbi la unga wa ngano mpaka kwenye mfuniko.

"Mama mdogo wangu anauza chapati nyuma ya gym," akasema. "Yule kaka alimpa hili kopo awekee unga. Leo anakanda, mie nikasoma ubavuni, nikaona ni la unga wa kuongeza nguvu. Nikakumbuka uwanjani wanasema unatafuta kopo."

Nikashindwa hata kumkaribisha ndani. Nikamuuliza kwa nini ameniletea.

"Sijakuletea kwa sababu nakupenda," akasema. "Nimeleta niache kuitwa mchawi."

Akanikabidhi, akaondoka. Viganja vyangu vikabaki vyeupe.

Nikalipeleka kwa mama mfamasia. Akalifuta kwa kitambaa, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye maandishi madogo ya chini. Kilikuwepo. Limeandikwa jina la mmea, ambalo ni jina lingine la kile kile walichokikuta kwangu. Halikufichwa. Yeyote mwenye kopo mkononi na mtu wa kumuuliza angejua. Nikakaa sakafuni mle dukani, mbele ya wateja, na kwa mara ya kwanza tangu barua ije miguu yangu ikatulia.

Kaka wa gym alipowekewa kopo mbele yake, alikubali, akaandika na kusaini. Wakuu wa mchezo wakanisikiliza. Wakasema wanaamini sikukusudia, ila maandishi yalikuwepo na nilipaswa kusoma. Badala ya miaka miwili wakanifungia miezi kumi. Imeisha juzi. Mkataba haukurudi.

Kwa hiyo mama kiongozi, huo ndio ushindi wangu dhidi ya adui. Adui alikuwa ananunua unga bila kusoma, halafu akaja hapa kuwakodi nyie mumpige mtu mwingine.

Nawashukuru mlioleta chakula nyumbani nilipokuwa sili. Namshukuru mama mfamasia, aliyeuliza swali moja la maana wakati sie tunakemea. Mama yangu namshukuru kwa kutonisemesha. Na nyie wenye watoto uwanjani, nawaomba: kitu kisicho na kopo kisiingie mdomoni mwa mtoto anayepimwa, hata kama anayempa ni rafiki. Mkiulizwa mmekula nini, andikeni vyote, hata kile mnachokiona ni ugali.

Yule dada nimeshamwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na simlaumu, maana mie nilimsema mbele ya watu mia halafu nikamwomba radhi tukiwa wawili. Nikamwalika aje leo. Akajibu hawezi kuja mahali alipoombewa afe.

Ndiyo maana nalisema leo kwenye spika ile ile. Hakuniwekea kitu. Alikuwa ananipa maji.

Kesho saa kumi narudi uwanjani. Atakuwa upande wa pili na chupa yake, ambayo mpaka leo anakunywa peke yake. Nitaenda kumwomba maji mbele ya wote. Mkitaka kufunga kwa ajili yangu tena, fungeni kwa hilo moja tu, kwamba anipe.